Kisite: Bahari Ina Wenyewe

Chumvi bado imo masikioni na sijui nianzie wapi, basi acha nianze na hukumu: ukijaliwa kuogelea baharini mara moja tu maishani, kaogelee Kisite, na uogelee na mtu wa Wasini. Hilo sharti la pili ndilo lenyewe. Matumbawe hayajaadimika katika pwani yetu. Yapo tangu Kiunga, mpakani na Somalia, hadi Ghuba ya Mnazi karibu na Msumbiji, na mashua za kuwapeleka wageni haziishi. Lakini kushushwa majini na mtu ambaye babu yake alitupa mshipi juu ya mwamba uleule, anayejua pango lipi lina mkunga na pango lipi pweza amehama, lo! Nimetoka nimelewa. Jamaa zangu wamechoka kunisikiliza, sasa zamu yenu.

Ramani kwanza, haraka haraka. Ukishavuka Likoni unaishika barabara ya Lunga Lunga, unaipita Ukunda na vishawishi vyote vya Diani, unaipita Msambweni, halafu unakata kushoto pale Kanana mpaka barabara iishie baharini. Hapo ni Shimoni, kaunti ya Kwale. Mji una mapango ambayo wenyeji wanasimulia kwamba watumwa walifungiwa humo wakingojea majahazi. Ukiwa na nafasi yaingie, ila yape siku yake, usiyachanganye na furaha hii ninayoizungumzia. Ng'ambo ya mkondo, mbele ya gati, kimelala kisiwa cha Wasini, chembamba, urefu kama kilomita 5 na upana kama kilomita 1, gari hakuna hata moja. Nyuma yake, upande wa bahari kuu, ndiko kwenye hifadhi, chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, haohao wa simba na ndovu. Kwa kweli ni hifadhi mbili zinazopakana: Kisite yenye kilomita za mraba 28, ambako kuvua chochote ni marufuku, na Mpunguti yenye kilomita za mraba 11, ambako uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa.

Na wenyewe ni nani? Wavumba. Wazee wao walikuwa na mji wao, Vumba Kuu, karibu na ulipo leo mpaka wa Tanzania, na watawala wao walioitwa Diwani walikuwa na siwa na ngoma za enzi kabla Mzungu hajachora mstari wowote katika pwani hii. Vijana wanaowaongoza wageni leo ni wajukuu wa watu hao, na wengi hawajaacha uvuvi: leo wamebeba wageni, kesho wamebeba nyavu. Ukiwasikiliza wanavyozungumza lahaja yao wao kwa wao utashika mengi na mengine yatakupita, na hapo ndipo utakapojua kwamba umefika mahali, hukuja tu kwenye kivutio.

Nahodha wetu alikuwa mzee mwenye kofia ya viua iliyofifia kwa jua. Aliitikia shikamoo zetu moja baada ya nyingine bila kututazama, kwa sababu alikuwa anayatazama maji. Nikamuuliza tunaondoka saa ngapi.

"Saa ni hiyo hapo, mwanangu," akasema, akanionyesha nguzo ya gati na alama ya unyevunyevu iliyoachwa na maji yanayopwa.

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania hata kidogo. Wakati wa bamvua, maji ya pwani hii hupanda na kushuka karibu mita 4, na mkondo wa kati ya Shimoni na Wasini si wa kuchezea. Mzee alitaka tuufikie mwamba maji yakiwa yamepwa na mkondo umelegea, ili mwanga ufike chini na mtu asisukumwe. Ukienda maji yakiwa yanakwenda kwa nguvu, alisema, utalipa pesa zako ukaangalie vivuli. Basi tukangoja, tukanywa kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, mashua nyingine zikatupita na wageni wao wakitupungia mkono. Wale waliotupita tuliwakuta baadaye wakihangaika na mkondo. Sisi tulifika maji yametulia tuli. Hapo nikaanza kumwamini mzee huyu kwa kila kitu.

Njiani, msaidizi wake, kijana mrefu mcheshi ambaye ndiye angekuwa kiongozi wetu majini, alinifundisha walivyokuwa wakiupata mwamba zamani. Unatazama nyuma, unakiweka kilima cha Jombo juu ya ncha fulani ya kisiwa. Halafu unatazama kusini-magharibi, na siku ikiwa safi unaiona milima ya Usambara, ng'ambo ya mpaka. Alama mbili zikikaa sawa, uko juu ya samaki. Alikuwa ameonyeshwa na baba yake, na baba yake na babu. Nikatoa simu nikafungua ramani kumpima. Simu ilionyesha rangi ya buluu, basi, buluu tupu kutoka ukingo hadi ukingo.

Pomboo walitokea kabla hatujafika Mpunguti ya Chini. Nitawapitia upesi, si kwa sababu hawakupendeza, maana nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, ila kwa sababu kila mtu anayekwenda Kisite huandika habari za pomboo na kuishia hapo. Niseme tu lililonifurahisha: mzee alizima mashine wakiwa bado mbali, akaiacha mashua ielee, na pomboo wakaja wenyewe, mama na mtoto, wakapita chini ya omo. Palikuwa na mashua nyingine, sitaitaja, iliyowafukuza kwa kasi huku na huku ili wageni wapate picha. Kijana wetu aliitazama akanyamaza, kisha akatema mate baharini. Kuanzia Julai hadi Oktoba hupita na nyangumi hapa, wanaotoka bahari za kusini kuja kuzaa kwenye maji ya joto. Sikuwaona. Nitarudi kwa ajili yao, nimeshasema.

Sasa njooni majini!

Mzee hakutia nanga. Alishika boya lililowekwa kwa kazi hiyo, kwa sababu nanga moja ikiburutwa huvunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua. Tukavaa miwani, tukauma mirija, tukajitupa. Na jambo la kwanza lililonishangaza, enyi watu, ni makelele. Nani aliyetudanganya kwamba chini ya maji ni kimya? Kuna mchakaricho usiokatika, wa kamba wadogo wanaopiga magando yao kwenye nyufa, na juu ya mchakaricho huo kuna sauti ya kutafuna. Kutafuna kabisa, kwa meno! Kumbe ni pono. Pono wa kijani, pono wa buluu, pono mwenye madoa ya waridi, wanauma jiwe kwa midomo yao migumu ili wale mwani ulioota juu yake, na jiwe wanalisaga papo hapo. Kiongozi akanigusa bega, akanielekeza kwa kidole nimfuate mmoja kwa macho. Nikamfuata. Wingu jeupe likamtoka nyuma, likatawanyika, likatua chini. Tukainua vichwa juu ya maji.

"Mchanga huo, dadangu," akasema huku akicheka. "Ule mnaoulalia ufuoni mkipiga picha!"

Sitalala tena ufuoni kwa moyo uleule.

Kutoka hapo hakuacha kuonyesha na kutaja. Changu, tafi, kangaja, kikande mwenye hasira anayelinda shimo lake, mkundaji anayepekua mchanga kwa ndevu zake, kolekole waliopita juu yetu kwa kundi bila kugeuka. Alikuwa akiwataja kama mtu anayekatiza mtaa wao akisalimia majirani, huyu kwa jina, yule kwa tabia. Chewa mmoja mkubwa alikuwa ametulia mdomo wazi chini ya jiwe la meza, na vijisamaki vyenye mstari vinaingia kinywani mwake na kutoka vikimsafisha meno na matamvua, naye hana habari. "Huyu yupo hapa tangu mwaka jana," nikaambiwa. Nani anayeweza kukwambia hivyo isipokuwa mtu wa pale? Kitabu chenye picha kitakupa jina la samaki. Hakitakwambia kwamba chewa huyu ni yule wa mwaka jana.

Na matumbawe yenyewe! Yapo ya matawi marefu yenye ncha za zambarau, yapo mapana yaliyotandazwa kwa ngazi, yapo ya mviringo makubwa kuliko pipa yaliyojaa mikunjo. Katikati yake palikuwa na kasa, ng'amba, aliyeingiza mdomo wake mwembamba kwenye ufa akichomoa sifongo na kula. Hakutukimbia. Tulielea juu yake kwa muda mrefu, nikasahau kupumua kwa mdomo, nikanywa maji ya chumvi, nikakohoa, nikarudi.

Lakini kama ningeruhusiwa kubakia na kitu kimoja tu cha siku ile, ningebakia na pweza. Kiongozi alisimama ghafla juu ya mahali ambapo mimi sikuona kitu: jiwe, mchanga, jiwe. Akaonyesha makombe matupu na magamba ya kaa yaliyorundikana mbele ya tundu. Baadaye alinieleza. Pweza hula nyumbani na kutupa mabaki mlangoni. Magamba yakiwa meupe na safi, mwenyewe yumo. Yakishaota mwani, amehama. Watoto wa Wasini hujifunza kusoma jalala hilo wakiwa bado wadogo, wanapowafuata wakubwa mwambani maji yakipwa. Basi tukaelea bila kutikisa mguu. Tukangoja. Na jiwe likafumbua jicho! Naapa, jiwe lilikuwa linatutazama. Likageuka kahawia, likageuka jeupe lenye vipele, likakunjua mkono mmoja, likaugusa mchanga, likaurudisha ndani.

"Nje ya mpaka wa hifadhi hapo ningekuwa na mchokoo," kijana alisema tulipopanda mashuani. "Humu namjulia hali tu."

Maneno hayo aliyasema kwa wepesi, lakini nyuma yake kuna historia isiyo nyepesi. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1973 na kutangazwa upya mwaka 1978, na kwa wavuvi wa Wasini na wa Mkwiro, kijiji cha upande wa pili wa kisiwa, ilikuwa na maana ya kuamka asubuhi na kukuta mwamba waliourithi umekuwa wa serikali. Nahodha wetu hakuficha. Alisema wazee waligomba sana, na wengine wamekufa wakiwa na kinyongo hicho. Papo hapo, yeye mwenyewe akaongeza kwamba samaki wakubwa aliowaona leo, nje ya mpaka hawaonekani tena kwa wingi huo, na kwamba wanaovuka mpaka huingia kwenye nyavu za wanawe. Anakubali mambo yote mawili, na mimi sioni kwa nini nimlazimishe achague moja. Ninachoona ni kwamba kama mwamba umeacha kuwalisha kwa ndoana, haki yao ya kwanza ni kwamba uwalishe kwa wageni. Fedha ya mgeni ikipita Wasini bila kutua, dhuluma inakuwa mara mbili.

Kuna kovu pia, na kiongozi hakutupitisha mbali nalo. Upande mmoja wa mwamba tulikuta uwanja wa matumbawe yaliyokufa, ya kijivu, yamevunjikavunjika. Mwaka 1998 bahari ilipata joto la El Niño kupita kiasi. Tumbawe ni mnyama, na ndani ya mwili wake huishi viumbe vidogo vya jamii ya mwani vinavyompa chakula na rangi; joto likizidi huvifukuza, hubaki mweupe, na joto lisipopungua hufa kwa njaa. "Baba anasema mwaka ule mwamba ulivaa sanda," kijana alisema. Joto lilirudi mwaka 2016, likarudi tena mwaka 2024. Lakini akanishusha karibu zaidi, akanionyesha juu ya mfupa wa zamani machipukizi yenye ukubwa wa ukucha, ya kahawia na manjano, yamejishikiza. Kule Mkwiro, wenyeji wanafanya kazi na shirika la REEFolution kukuza vipande vya matumbawe kwenye vitalu vya chini ya maji na kuvipandikiza. Nilijikuta nashangilia kitu chenye ukubwa wa ukucha kuliko nilivyoshangilia pomboo.

Niseme na wale mnaosema, "Mimi sijui kuogelea, haya ni ya wenzetu." Mashuani mwetu alikuwamo mama mmoja wa makamo kutoka bara, na shungi lake na suruali yake ndefu, ambaye bahari alikuwa akiiona kwenye televisheni tu. Alivalishwa jaketi, akapewa boya la duara alishike kwa mikono miwili, na kiongozi akalivuta taratibu juu ya mwamba mzima huku akimwita "mama, tazama kulia, mama, tazama chini." Alipopandishwa alikuwa analia. Nilidhani ameogopa. "Mbona hamkuniambia?" alikuwa anauliza. "Miaka yote hii, mbona hamkuniambia?"

Chakula cha mchana ni Wasini kwenyewe, na hapa nitajizuia, maana naweza kujaza gazeti. Kaa aliyechemshwa, mkubwa kuliko kiganja changu, na kipande cha ubao na kirungu cha kumvunjia. Samaki wa kupaka. Wali wa nazi. Na mwani uliokaangwa kwa ufuta, unaokatika mdomoni, wa chumvi, ambao niliomba uongezwe bila haya. Ng'ambo, Kibuyuni, kina mama wanaulima mwani kwa kamba baharini na kuuza.

Ukishiba usilale. Nyuma ya kijiji wanawake wa Wasini wana njia yao ya mbao iliyojengwa juu ya bustani ya matumbawe ya kale, yaliyoachwa nchi kavu bahari iliporudi nyuma zama za mbali, na inayofika hadi ndani ya mikoko. Bamvua kubwa likija, maji hurudi na kuizunguka miamba hiyo. Wao ndio wanaokata tiketi, wao ndio wanaosimulia, na mapato yanasomesha watoto wa kijiji. Kiingilio ni kidogo mno. Ukiwa nacho, ongeza.

Nina malalamiko, maana nimepagawa lakini sijapofuka. Miwani niliyopewa kwanza ilikuwa inavuja, nikabadilishiwa ya pili nayo ikavuja kidogo. Mwenye yake aje nayo. Mashuani hakuna mahali pa mwanamke kubadilisha nguo kwa stara isipokuwa ashikiwe kanga na wenzake, na hilo lingetatuliwa kwa pazia moja tu. Jua la safari ya kurudi ni kali na turubai halitoshi. Pia bei gatini huanzia juu kwa anayeonekana mgeni. Patana kwa Kiswahili, kwa adabu, na mtaafikiana.

Mengine ya kujua: ada ya hifadhi hulipwa kwa eCitizen wala si taslimu, na raia na wakazi wana bei yao iliyo nafuu, basi beba kitambulisho. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi zote za Kenya tangu Juni 2020. Beba chupa yako ya kudumu. Vaa shati la mikono mirefu badala ya kujipaka mafuta mengi, ngozi yako na matumbawe vyote vitashukuru. Usiguse, usisimame juu ya mwamba, usiokote hata kombe. Nenda wakati wa kaskazi, tangu Novemba hadi Machi, maji yakiwa safi. Kusi likianza kuvuma mwezi wa Aprili bahari huchafuka, na manahodha wenyewe watakwambia usubiri.

Na kabla hujalipa, muulize kiongozi swali moja tu: kwenu ni wapi? Akitaja Wasini, Mkwiro au Shimoni, panda. Akitaja kwingine, mshukuru umtafute mwingine, gatini hawakosekani.